Mstari mmoja ndani ya jedwali la chanjo ya malaria

Leo sichambui utafiti mzima. Nachambua jedwali, tena lile ambalo wengi wetu huwa tunaliruka tukikimbilia ufanisi wa dawa: jedwali la usalama.

Chukua jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S. Vituo 11, nchi 7 za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe kwetu Tanzania, na Kilifi, Kombewa na Siaya huko Kenya. Watoto 15,459. Matokeo ya mwisho yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2015. Tuwaangalie walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, ambao walikuwa 8,922 katika makundi matatu: waliopata dozi nne, waliopata tatu, na kundi la kulinganisha lililopewa chanjo nyingine.

Mstari wa juu unasema hivi: watoto waliopatwa na tukio kubwa la kiafya walikuwa asilimia 24.2, 25.3 na 28.4, kwa mpangilio huohuo wa makundi. Ukiishia hapo unafunga faili na kwenda kunywa chai. Waliochanjwa wanaonekana wazima kuliko wenzao, na inaeleweka, maana malaria kali ndiyo inayolaza watoto hospitali.

Sasa shuka chini utafute homa ya uti wa mgongo: 11, 10, 1.

Umeshtuka? Hata mimi. Lakini jedwali lenyewe halikusaidii kujua ushtuke kiasi gani, na hapo ndipo ninapolilaumu. Linakupa namba halafu linanyamaza. Kundi la kulinganisha lilikuwa na watoto 2,974, karibu theluthi moja kamili. Kama chanjo haihusiki, kila mgonjwa kati ya wale 22 ana nafasi moja kati ya tatu ya kutoka kundi hilo. Fungua R, andika:

pbinom(1, 22, 1/3)

Jibu ni 0.0016 hivi. Yaani kwa bahati tu, ungepata mgonjwa mmoja au pungufu katika kundi hilo mara 16 kwa kila 10,000. Ni nadra sana. Ila usitangulie kupiga kelele, kwa sababu hukuuangalia mstari mmoja, uliangalia wote. Tuseme jedwali lina mistari 200 isiyotegemeana, na kila mmoja una nafasi hiyohiyo ndogo ya kukudanganya:

1 - (1 - 0.0016)^200

Inakuja 0.27. Zaidi kidogo ya robo! Mistari yangu 200 ni ya mfano tu, na magonjwa halisi hayajitegemei hivyo, lakini umeona jinsi namba ileile ilivyobadilika sura. Mistari miwili ya msimbo imekupa hofu na tahadhari kwa pamoja, kitu ambacho jedwali lililogandishwa kwenye PDF haliwezi.

Kuna uamuzi mwingine usioonekana kabisa. Katika kamusi ya MedDRA, inayotumika kuainisha matukio haya, homa ya uti wa mgongo ina majina mengi: ya pneumococcus, ya kifua kikuu, isiyotajwa chanzo, na kadhalika. Mwandishi wa programu akiyaacha kila moja kwenye mstari wake, wagonjwa 22 wanasambaa wawili hapa, watatu pale. Akiweka amri ya kuonyesha tu matukio yaliyofika asilimia 1, wanafutika wote, kwa sababu hata 11 kati ya 2,976 haifiki asilimia 0.4. Hakuna aliyedanganya, ni amri moja tu ya kuchuja. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema jedwali ni kazi ya daktari na msimbo ni kazi ya fundi.

(Na sisi Waswahili tuache kuita kila kitu humo "madhara ya chanjo". Mtoto aliyeungua na uji naye anahesabiwa. Ni matukio, basi.)

Upande wa pili, msimbo bila watu wa kitabibu ungepotoka. Wagonjwa wengi walitoka vituo viwili tu kati ya 11, na hawakurundikana siku za karibu baada ya sindano. Mambo hayo mawili yalipunguza nguvu ya shaka dhidi ya chanjo, na hakuna hata moja linaloonekana kwenye 11, 10, 1. Inabidi urudi kwenye data ya mtoto mmoja mmoja, yenye tarehe na kituo.

Shaka haikuzikwa. Malawi, Ghana na Kenya zilianza kutoa chanjo kwa majaribio mwaka 2019, homa hiyo ikiwa miongoni mwa vitu vya kufuatiliwa kwa makusudi. Tofauti ile haikujitokeza tena, na Oktoba 2021 WHO ikapendekeza chanjo itumike.

Kwa hiyo ukipewa jedwali la usalama, hata la tasnifu ya rafiki yako, uliza faili lililolizalisha liko wapi. Akikwambia lilifutika, usilipitishe.