Adui Mmoja, Lugha Mbili

Ukimwambia mtu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, kwamba kuna mwigizaji wa India anayecheza filamu kwa Kikannada, Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam na Kihindi, hatashtuka. Yeye mwenyewe ameamka na Kinande, amepatana bei sokoni kwa Kiswahili, amejaza fomu kwa Kifaransa, na akisimamishwa na mwanajeshi njiani kwenda Beni ameshaanza Kilingala kabla hajaulizwa kitu. Ana haki ya kuuliza: na kisha? Wingi wa lugha peke yake haumfanyi mtu fundi. Lakini msikilizaji aliyezoea kubadili lugha mara nne kwa siku anajua pia jambo ambalo mwenye lugha moja halijui: ukibadili lugha, unabadilika kidogo na wewe. Hapo ndipo mwigizaji huyo, Prakash Raj, anapofanyia kazi yake.

Sura yake wengi wanaijua hata kama jina hawalijui. Ni yule adui mwenye macho mazito anayemsumbua steringi kwa saa mbili nzima kabla ya kula kipigo chake. Alizaliwa mwaka 1965, akakulia Bangalore, akaanzia jukwaani na kwenye tamthilia za televisheni za Kikannada. Wakati huo aliitwa Prakash Rai. Mwongozaji K. Balachander ndiye aliyemgeuzia jina na kumwingiza katika sinema ya Kitamil kwa filamu ya Duet, mwaka 1994. Alipokuja kufungua kampuni yake ya filamu aliiita Duet Movies, na mimi humpenda mtu asiyesahau mlango alioingilia.

Sasa ufundi wenyewe. India wana desturi ya kuchukua hadithi iliyofaulu katika lugha moja na kuitengeneza upya katika lugha nyingine. Steringi hubadilishwa, kwa sababu kila jimbo lina kipenzi chake. Adui mara nyingi hubaki Prakash Raj. Okkadu ilitoka mwaka 2003 kwa Kitelugu, steringi akiwa Mahesh Babu. Mwaka uliofuata ikarudi kwa Kitamil kwa jina la Ghilli, steringi akiwa Vijay. Hadithi ni ile ile: mtu mwenye nguvu mjini anataka kumwoa msichana kwa lazima, kijana anayecheza mchezo wa kabaddi anamtorosha. Mvivu angekariri tu maneno mapya na kurudia uso wa jana. Yeye alitengeneza mtu mwingine.

Muthupandi, adui wa Ghilli, ni mtu wa mji wa Madurai, ameshaua ndugu za msichana, na bado anampenda kwa dhati. Msikilize anapomwita. Sauti iliyokuwa ikinguruma kwa watumishi inashuka ghafla, inakuwa laini, karibu ya kitoto, na lile neno la kubembeleza, “chellam”, linamtoka kana kwamba hajawahi kumwumiza mtu. Mtazamaji anacheka, kisha anaogopa kwa sababu amecheka. Mapanga yanaweza kukutisha kwa dakika moja. Upole ule unakaa nawe mpaka usiku.

Pokiri ya Kitelugu ya 2006 nayo ilizaa Pokkiri ya Kitamil mwaka 2007 na Wanted ya Kihindi mwaka 2009, na katika zote tatu bosi wa majambazi ni yeye. Hapo anakaribia kujirudia, nakubali. Mtu hawezi kuvumbua kila Jumatatu.

Kazi ngumu zaidi aliifanya mapema, katika Iruvar ya mwongozaji Mani Ratnam, mwaka 1997. Alipewa nafasi ya mshairi na mwanasiasa wa Kitamil, mtu ambaye maneno yake yanainua umati. Mtoto wa Bangalore mbele ya Watamil, wenye wivu mkubwa na lugha yao! Ni sawa na kumtoa mtu Lubero akaghani mashairi Mombasa mbele ya wazee wa Mombasa. Akapata tuzo ya taifa ya mwigizaji msaidizi.

Ile ya mwigizaji bora aliipata kwa Kanchivaram ya mwongozaji Priyadarshan. Humo ni mfumaji maskini wa hariri, ameahidi kwamba binti yake ataolewa akiwa na sari ya hariri, kitu ambacho mfumaji hawezi kununua. Anaiba nyuzi kidogo kidogo kwa tajiri wake, amezificha mdomoni. Anapotoka kazini na hariri imejaa kinywani hawezi kusema neno, na mtu huyu wa lugha tano anabaki na taya na macho tu. Yanatosha.

Afrika Mashariki tumezoea kutazama filamu hizi na sauti ya mtafsiri juu yake. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Kampala ina VJ Jingo. Nawaheshimu, nao ni mafundi. Lakini kwa Prakash Raj sauti yao inafunika kile hasa kinachotafutwa. Mwenye kuweza aitafute Ghilli bila mtafsiri. Ilirudishwa kwenye kumbi za India mwaka 2024, miaka 20 tangu itoke, zikajaa vijana ambao wengine walikuwa hawajazaliwa wakati adui huyo alipobembeleza mara ya kwanza.