Sifa za Msoma Hesabu

Waandishi wa habari husifiwa kwa kalamu kali. Mimi namsifu asiyevutia macho: mwandishi wa wilaya anayeomba kitabu cha hesabu, akaketi, akakisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana wazi Honolulu, huko Hawaii. Bernice Pauahi Bishop, mwanamke wa ukoo wa kifalme, alifariki mwaka 1884 akiwa ameacha ardhi yake iendeshe shule za watoto. Wosia wake uliwataka wadhamini watano kumpelekea jaji mkuu taarifa ya mapato na matumizi kila mwaka, na orodha ya mali ichapishwe katika gazeti la mji. Mama huyo alijua kuwa sadaka isiyo na wa kuiangalia huliwa.

Karne moja baadaye, amana ile ilikuwa na zaidi ya ekari 360,000 na utajiri wa mabilioni ya dola. Wadhamini, walioteuliwa na majaji wa Mahakama ya Juu, walipokea zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka kila mmoja. Ndipo tarehe 9 Agosti 1997 gazeti la Honolulu Star-Bulletin likachapisha makala ya wakazi watano: majaji wawili, padri, mwalimu mkongwe na profesa wa sheria. Waliuweka wosia upande huu na mwenendo wa wadhamini upande ule: nani kamteua nani, nani analipwa nini, nani alipaswa kumkagua nani. Siku chache tu zikapita, Gavana Ben Cayetano akamwagiza mwanasheria mkuu Margery Bronster achunguze. Mwaka 1999 ulipokwisha, wadhamini wote watano walikuwa wameshaondoka.

Mgeni angeziona namba zilezile, lakini mwenyeji ndiye anayejua nani ni wa nani.

Huku kwetu, kuanzia Kibaha hadi Vihingo, fedha za wengi huwa za mfuko wa shule, kisima cha wafadhili au kamati ya msikiti. Mapato na matumizi ya kijiji husomwa kwenye mkutano mkuu, na pengine husomwa mbiombio jua likiwa linazama. Fundi wa kazi hii habebwi na mbio hizo. Risiti ikisema bati hamsini, yeye husimama chini ya paa akahesabu. Zikipungua, humtafuta kwanza mweka hazina amsikilize, kisha ndipo huandika. Bahasha ya "nauli" huirudisha, maana akishaipokea hataweza tena kuuliza.

Kazi hii hailipi vizuri, na ina maadui wa karibu, wa mtaa mmoja. Basi akija kwenye mkutano wenu, mpeni kiti na mfungulieni kitabu. Na kiongozi akikificha, mwulizeni palepale, mbele ya watu, anaficha nini.