Msikilizaji katika Nafasi ya Msimulizi: Uhakiki wa Upokezi wa Wimbo "He Stopped Loving Her Today" wa George Jones

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki upokezi wa wimbo "He Stopped Loving Her Today" ulioimbwa na George Jones na kutolewa nchini Marekani mwezi Aprili, 1980. Wimbo huo ulitungwa na Bobby Braddock na Curly Putman, ukatayarishwa na Billy Sherrill jijini Nashville, na mwaka huohuo ukafika nafasi ya kwanza katika chati ya muziki wa kantri. Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani kiliutunuku tuzo ya wimbo bora wa mwaka mara 2 mfululizo, yaani 1980 na 1981. Aidha, uliingizwa katika orodha ya mwaka 2008 ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Kwa zaidi ya miongo 4 mashabiki wa wimbo huu wamekuwa wakielezana maoni na kumbukumbu kuuhusu. Wapo wanaousikia kama sifa ya uaminifu usiokoma. Wapo wanaousikia kama habari ya mtu aliyeyapoteza maisha yake kwa kukataa kukubali kwamba ameachwa. Wengi, hata hivyo, husisitiza kuwa Jones alikuwa akijiimba mwenyewe baada ya kuachana na mwimbaji Tammy Wynette. Swali linalozuka ni hili: je, kumbukumbu hizi ni sehemu ya maana ya wimbo, au ni mambo ya pembeni ambayo mhakiki anapaswa kuyaweka kando? Makala haya yanadai kwamba muundo wa wimbo wenyewe humkaribisha msikilizaji katika nafasi ya msimulizi, na kwa hiyo desturi ya kukumbuka na kutoa maoni imejengwa ndani ya kazi. Hata hivyo, nafasi hiyo ina upofu wake, na mashabiki huurithi upofu huo pamoja na wimbo.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi iliyoendelezwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa mujibu wa Jauss, hadhira huipokea kazi ikiwa tayari na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi zilizotangulia. Iser naye anaeleza kuwa kazi ya sanaa huacha mapengo ambayo mpokeaji huyajaza kwa tajiriba yake. Dhana hizi 2 zinafaa kwa sababu zinamwezesha mhakiki kupima maoni ya mashabiki bila kuyadharau na bila kuyakubali yote. Pengo hualika kujazwa, lakini kingo zake huwekwa na matini.

3.0 Muundo wa Wimbo na Nafasi ya Msimulizi

Kichwa cha wimbo kinadai kuwa mwanamume fulani aliacha kumpenda mwanamke fulani siku hiyo. Msikilizaji anayeusikia kwa mara ya kwanza hutarajia habari za moyo uliopoa. Kadiri wimbo unavyoendelea, anaarifiwa juu ya ahadi ya mwanamume ya kupenda hadi kufa, picha iliyobaki ukutani, na barua za mwaka 1962 zilizowekwa karibu na kitanda zikiwa zimepigiwa mistari myekundu. Kiitikio kinapofika ndipo kinaya kinapofunguka: mwanamume ameacha kupenda kwa kuwa amefariki. Neno kifo halihitaji kutajwa tena; shada la maua mlangoni na tendo la kubebwa marehemu vinatosha kama tasfida.

Jambo la msingi kwa hoja ya makala haya ni kwamba habari yote inasimuliwa na mtu mwingine. Mwenye mapenzi hasemi neno ila lile analonukuliwa na rafiki. Nafsineni ni mtu aliyemjua marehemu, aliyekwenda kumtazama siku hiyo, akamwona amevikwa vizuri na uso wake una tabasamu lililokuwa limepotea kwa miaka. Katika sehemu inayozungumzwa badala ya kuimbwa, nafsi hiyo hupanuka na kuwa wingi: watu wote walikuwa wakijiuliza kama mwanamke angekuja, naye akaja. Kwa hiyo wimbo una jamii ndani yake, na jamii hiyo inafanya kile hasa ambacho mashabiki hufanya, yaani kukumbuka, kukisia na kutoa hukumu juu ya mapenzi ya mtu mwingine.

Historia ya utayarishaji inatilia nguvu usomaji huu. Rasimu ya awali ya Braddock na Putman haikumridhisha Sherrill, ambaye alidai iongezwe sehemu ya mwanamke kuja mazishini. Ujio huo ndio uliomfanya msimulizi awe shahidi wa tukio badala ya mtoa taarifa tu. Katika tawasifu yake ya mwaka 1996, Jones alikiri kuwa ulevi ulichelewesha sana kurekodiwa kwa sehemu hiyo, kwa sababu aliweza kuimba akiwa amelewa lakini hakuweza kuzungumza bila ulimi kuteleza. Katika rekodi iliyotoka, sauti ya kuzungumza imetulia na haina madoido, ilhali fidla na sauti nyembamba ya Millie Kirkham isiyo na maneno hupanda taratibu nyuma yake. Maombolezo yamewekwa kwenye ala, na maneno yameachwa yawe ushahidi. Mgawanyo huo ndio unaomfanya msikilizaji ahisi kuwa anaambiwa habari na jirani aliyetoka msibani muda si mrefu.

4.0 Usomaji wa Kiwasifu na Mipaka Yake

Dai kwamba wimbo unamhusu Wynette lina msingi fulani. Jones na Wynette walifunga ndoa mwaka 1969 na kutalikiana mwaka 1975. Baada ya talaka waliendelea kurekodi pamoja chini ya Sherrill, na wimbo wao "Golden Ring" wa mwaka 1976, ambao Braddock alishiriki kuutunga, ulisimulia safari ya pete ya ndoa inayoanza kwa matumaini na kuishia katika utengano. Mwaka 1980 wenyewe walitoa albamu ya pamoja. Hadhira ilikuwa imefundishwa kwa miaka mingi kuzisikia nyimbo zao kama taarifa za nyumba yao. Huo ndio upeo wa matarajio ambao Jauss anauzungumzia, na biashara ya muziki ilishiriki kuujenga. Si haki, basi, kuwaona mashabiki kama watu wasiojua kutofautisha mwimbaji na nafsineni.

Hata hivyo, matukio ya baadaye yaliukana usomaji huo. Jones, ambaye hakuutunga wimbo na ambaye mwanzoni aliuona kuwa wa huzuni kupita kiasi, alioa tena mwaka 1983 na kuishi na mke huyo hadi kufa kwake. Wynette alitangulia kufariki mwaka 1998. Jones alipofariki tarehe 26 Aprili, 2013, mwanamke aliyedhaniwa kuwa ndiye wa wimboni asingeweza kuja mazishini. Kama maana ya wimbo ingetegemea wasifu, ingekoma hapo. Badala yake, Alan Jackson alipouimba katika ibada ya kumuaga Jones kwenye ukumbi wa Grand Ole Opry tarehe 2 Mei, 2013, wimbo ulipata mlengwa mpya. Waliokuwa wakisimulia sasa walikuwa mashabiki, na marehemu aliyesimuliwa alikuwa mwimbaji. Nafasi ya msimulizi ilikuwa tayari wimboni tangu 1980; mazishi yaliwapa mashabiki sababu ya wazi ya kuikalia.

Mhakiki aliyezoea taarabu ataitambua hali inayofanana na hii. Katika onyesho la taarabu, msikilizaji huinuka kumtunza mwimbaji ubeti unapomgusa, na tendo hilo huwadokezea waliopo kwamba maneno yamempata mwenyewe, ingawa mtunzi hakumtaja mtu. Tofauti ni kwamba taarabu hutumia fumbo kwa makusudi, ilhali wimbo wa Jones unasema mambo waziwazi na kunyamazia jambo moja tu: kwa nini wawili hao waliachana. Pengo hilo ndilo ambalo kila shabiki hulijaza kwa talaka, msiba au majuto ya nyumbani kwake.

5.0 Ukimya wa Mwanamke

Pengo hilohilo ndilo lenye hatari kimaadili. Mwanamke wa wimboni ana barua, picha na safari moja ya mazishini, lakini kauli yake ni moja tu, tena fupi na ya kunukuliwa na msimulizi. Barua zake zinasomwa na mwingine, tena kwa kuchaguliwa maneno ya mapenzi tu, kwa kuwa ndiyo yaliyopigiwa mistari. Yaliyobaki katika barua hizo msikilizaji hayajui. Msimulizi ni rafiki wa mwanamume, na upendeleo wake haufichiki.

Mashabiki wanapoliweka jina la Wynette katika nafasi hiyo, humhamishia mtu halisi ukimya wa mhusika wa kubuni. Ilhali Wynette hakuwa kimya. Aliteuliwa kuwa mwimbaji bora wa kike wa Chama cha Muziki wa Kantri miaka 3 mfululizo, kuanzia 1968, na tawasifu yake ya mwaka 1979 ilieleza matatizo ya ndoa hiyo, ukiwamo ulevi wa Jones, mwaka mmoja kabla ya wimbo kutoka. Kumbukumbu inayomwona Jones kama mpenzi mwaminifu aliyeachwa inafanya kazi kama kalamu nyekundu ya wimboni: inapigia mstari yale yanayopendeza na kuyapita mengine.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kuwa maoni na kumbukumbu za mashabiki wa "He Stopped Loving Her Today" yanastahili kuchukuliwa kama sehemu ya kazi, kwa kuwa wimbo una msimulizi anayekumbuka na jamii inayokisia. Umeonyesha pia kuwa usomaji wa kiwasifu, japo ulichochewa na historia ya kibiashara, hauungwi mkono na utunzi wala na maisha ya wahusika. Kwa hiyo, kigezo cha kupimia kumbukumbu ya shabiki kisiwe ukweli wake wa kiwasifu pekee. Inafaa kuulizwa pia kumbukumbu hiyo inamsemea nani na inamnyamazisha nani. Wimbo wenyewe ulimruhusu mwanamke aje. Uhakiki wa haki unapaswa kumuuliza alichokuja nacho.