Kitoweo Bila Wali: Uhakiki wa Migahawa ya Ufukweni Phuket

Watu wanaorudi kutoka Thailand huwa na lalamiko moja kuhusu chakula cha ufukweni: kwamba hakina pilipili. Wanasema mgahawa wa ufukweni humdanganya mgeni, na kwamba anayetaka chakula halisi cha Kithai sharti aende mtaani akatokwe jasho. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba lalamiko hilo limekosa shabaha. Migahawa ya ufukweni ina kasoro, lakini kasoro hiyo haiko kwenye pilipili.

Ninazungumzia Phuket, kisiwa kikubwa kuliko vyote nchini Thailand, na hasa fukwe za Patong, Kata na Karon za upande wa magharibi. Dada yangu anafundisha Kiingereza kisiwani humo, nami nilikaa kwake wiki tatu wakati wa likizo. Tulikula ufukweni kwa ajili ya bahari, na tulikula sokoni kwa ajili ya mfuko.

Tuanze na hiyo pilipili. Mhudumu wa ufukweni humwuliza mgeni: phet au mai phet, yaani kali au si kali? Sioni kosa hapo. Hata kwenye vibanda vya tambi wanakokula Wathai wenyewe, mezani huwekwa vikopo vya sukari, unga wa pilipili, siki yenye pilipili na mchuzi wa samaki, na kila mlaji hulikoleza bakuli lake apendavyo. Kumwachia mlaji uamuzi ni desturi ya Kithai. Isitoshe, pilipili yenyewe ni mgeni Thailand: asili yake ni Amerika, na ilifika Asia kwa meli za Wareno katika karne ya 16. Phat thai nayo, zile tambi za kukaanga zinazojulikana dunia nzima, ilienezwa na serikali ya Plaek Phibunsongkhram, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1938 hadi 1944, kama sehemu ya siasa yake ya kujenga taifa. Kwa hiyo anayetafuta uhalisi kwa maana ya kitu cha kale kisichobadilika, hataupata ufukweni wala mtaani.

Kasoro ya kwanza ninayoiona ni ya mpangilio wa mlo. Kwa Kithai, kula ni kin khao, maana yake kula wali. Vyote vinavyoandamana na wali huitwa kap khao, vya kulia wali. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu, kwa sababu ana neno kitoweo. Nyumbani kwetu Uganda, Kiganda nacho hutenganisha emmere na enva, na hakuna mtu anayekula enva peke yake akasema ameshiba. Mlo wa Kithai hufuata mantiki hiyohiyo. Watu wanne huweka katikati ya meza mchuzi wa nazi, samaki wa kukaanga, mboga za majani na supu ya ndimu. Kila mmoja ana sahani yake ya wali, na anachota kijiko kimoja kimoja kutoka huku na kule. Ukali wa mchuzi hupoozwa na mboga, na chumvi ya samaki humezwa na wali. Ufundi wa mpishi uko katika jinsi vyakula hivyo vinavyosaidiana.

Ufukweni mpangilio huo umevunjwa. Menyu ina picha na namba; kila mgeni anachagua namba yake, analetewa bakuli lake, na wali huagizwa na kulipiwa kando. Mara kadhaa nilimwona mgeni akinywa mchuzi wa kijani kama supu mpaka tone la mwisho, bila punje ya wali. Mchuzi huo ulibuniwa uwe mkali na wenye chumvi kwa sababu ungegawanywa kwa watu na kwa wali. Ukiliwa peke yake unachoma na kukinaisha. Basi mpishi afanye nini? Anapunguza chumvi na pilipili, anaongeza sukari na tui. Utamu ule wanaoulalamikia wasafiri ni matokeo tu. Chanzo chake ni sahani ya mtu mmoja.

Kasoro ya pili ni kwamba Phuket yenyewe haimo kwenye menyu hizo. UNESCO ilikitambua kisiwa hiki mwaka 2015 kama mji wa ubunifu katika mapishi, na si bure. Katika karne ya 19 Wachina wa Kihokkien walikuja kwa wingi kuchimba bati, wakaacha tambi nene za njano na moo hong, nyama ya nguruwe iliyopikwa polepole kwa soya, kitunguu saumu na pilipili manga. Waislamu wa kusini wana roti zao, binamu wa chapati zetu. Kuna pia gaeng som ya kusini, mchuzi wa samaki wenye manjano na uchachu, usio na tui. Nilipoiulizia katika mgahawa mmoja ufukweni, mhudumu alicheka kwa upole akasema hiyo wanakula wafanyakazi. Na kweli, saa kumi jioni, kabla ya wageni kujaa, wafanyakazi walikuwa wameketi nyuma ya jiko, mabakuli katikati na wali kwa kila mtu. Mlo uliopangwa vizuri kuliko yote katika mgahawa ule haukuwa unauzwa.

Mwenye mgahawa ana utetezi wake, na ni wa haki. Kodi ya ufukweni ni kubwa, mgeni hukaa siku chache na huogopa asichokijua. Lakini utetezi huo haujibu kila kitu, kwa sababu menyu hizohizo zina pla neung manao, samaki mzima wa mvuke aliyemwagiwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Hapo ufukwe unaushinda mtaa: samaki ni mbichi na moto ni sahihi. Samaki huyo ni mkubwa mno kwa mtu mmoja, kwa hiyo anawekwa katikati, watu wanaagiza wali, na ghafla meza ya wageni inakula kama meza ya Wathai. Hakuna aliyelalamika kwamba ni mkali mno, ingawa pilipili zilikuwa zinaonekana kwa macho.

Kwa maoni yangu, basi, ukurasa mmoja tu ungetosha kurekebisha mambo: mlo wa watu wanne, wali ndani ya bei, na angalau kitoweo kimoja cha Phuket. Nawe msomaji, ukifika huko, usijipime ushujaa kwa pilipili. Agiza wali kwanza, kisha vitoweo vitatu vya kuweka katikati, na uulize wafanyakazi watakula nini leo.