Imani Ipandayo kwa Sauti

Katika mazungumzo juu ya hisa za Marekani, imani ya wenye hisa hutajwa kila siku. Husemwa imepanda au imeshuka kama zebaki katika kipimajoto. Bei zitakwenda wapi si kazi ya mhakiki kutabiri. Lakini imani hiyo, kwa sehemu kubwa, hufanywa kwa maneno, na maneno ni shamba lake. Video za habari za fedha zilizojaa katika intaneti zampa nafasi ambayo msikilizaji wa redio hakuwa nayo zamani: aweza kurudia sentensi moja mara kumi, kama asomaye ubeti mgumu.

Nachagua jibu moja fupi. Tarehe 11 Machi 2008, katika kipindi cha Mad Money cha televisheni ya CNBC, mtazamaji aliuliza kama yampasa kuhofu juu ya benki ya Bear Stearns ya New York na kutoa fedha zake humo. Jim Cramer alipaza sauti, akakana mara tatu, akasema benki ile ni salama na kwamba kuhamisha fedha ni upuuzi. Siku hiyo hisa moja ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 60. Tarehe 16 ya mwezi ule ule JPMorgan Chase ilikubaliwa kuinunua benki hiyo kwa dola 2 kwa kila hisa. Siku 8 baadaye ikaongeza hata 10.

Baadaye Cramer alijitetea kuwa alisema juu ya fedha zilizowekwa, si juu ya hisa. Utetezi huu haufai kudharauliwa. Swali lilitaja fedha, wala halikutaja hisa. Walakini jibu halikukomea penye amana. Lilitoa hukumu juu ya afya ya benki nzima, na mwenye hisa aliyekuwa akisikiliza alikuwa na haki ya kuichukua hukumu hiyo kuwa yake. (Watetezi wa Cramer hupita upesi mahali hapa.)

Tena jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba ndani ya jibu lile mlikuwa na kweli. Alisema, kwa kupitia tu, kuwa likitokea lolote, yamkini benki hiyo itanunuliwa na nyingine. Ikanunuliwa. Katika desturi ya soko, habari ya kununuliwa ni habari njema, kwa kuwa mnunuzi mara nyingi hutoa zaidi ya bei iliyopo. Na sauti ya Cramer iliibeba hivyo, kama bishara. Bei hakuitaja. Jibu lile likiandikwa karatasini na kusomwa kimya, msomaji ataona hesabu haimo, deni halimo, wala sababu haimo ila hiyo moja. Lakini mtazamaji hakupewa karatasi. Alipewa uso, mkono uliopungwa na ukelele, na kabla hajauliza ni kwa bei gani, swali la mtu mwingine lilikuwa limekwisha kuanza.