Utubora hana shaka, mi niko nayo

Wiki iliyopita nilimaliza kusoma tena Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, usiku, kwenye simu, umeme umekatika. Kwa mtu mwenye lisansi ya agronomia, kitabu ambacho shujaa wake anaacha kazi ya biro yenye mshahara mzuri ili aende kulima kinavutia hata kabla ya kukifungua. Hapa Bukavu safari ni ya upande mwingine: siye wa agronomia ndio tunatafuta biro.

Lakini tuseme ukweli, Utubora ananichosha. Jina lake ni utu na ubora, na njo hivyo alivyo toka mwanzo hadi mwisho. Shaaban anapendaka majina ya namna hii, yanayokuambia mtu ni nani kabla hajafungua kinywa. Kwa hadithi ya mafunzo inafaa. Kwa mkulima, hapana. Utubora anaamua kama mtu aliyeona mavuno kabla ya kupanda. Mi sijamuona mkulima wa Kabare ama Walungu asiye na shaka: anaangalia mgomba, anajiuliza kama hii njano ni ya jua ama ni mnyauko, na jioni anarudi kuuangalia tena.

Kilichonishika zaidi ni tarehe. Shaaban alifariki mwaka 1962. Utubora Mkulima kilitoka 1968. Kufikirika, alichokiandika 1946, kilitoka 1967. Miaka 21! Na hakuwa kijana asiyejulikana, juu Kusadikika kilikuwa kimetoka tangu 1951. Miaka zaidi ya 30 alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na bado akaandika vyote hivyo. Mtu huyu alijua kungoja, lakini shujaa wake hajui. Ningependa ile miaka ingeingia ndani ya kitabu.

Mi pia niko na muswada, riwaya ya Kiswahili. Niliutuma kwa nyumba moja ya uchapishaji, huu ni mwezi wa kumi na moja, hakuna jibu. Rafiki zangu wananifariji: hata Shaaban alingoja. Faraja hiyo siiamini. Alingoja, sawa, lakini kungoja hakumfanyi mtu kuwa Shaaban. Mbegu isipoota, pengine udongo ni mkavu, pengine mbegu yenyewe imeoza, na ukisimama juu ya tuta huoni tofauti. Siye tulifundishwa namna ya kujua: chukua mbegu 100, zifunge katika kitambaa chenye maji, baada ya siku chache hesabu zilizoota. Kwa hiyo hauhitaji mvua wala ruhusa ya mtu.

Basi nikachapa sura tatu, nikampa mwenzangu wa promosio, dada mmoja asiyejua kusifu bure. Alizirudisha na mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: shujaa wako anajua kila kitu, atakosea lini?

Nilikasirika siku mbili. Kumbe ni kosa lile lile ninalomlaumu Utubora! Shaka yangu yote nilikuwa nimeificha nyuma ya mtu asiye nayo, juu nilidhani mwandishi anayetafuta mchapishaji hapaswi kuonekana akisitasita.

Sasa niko kwenye sura ya pili. Shujaa amepanda maharage mapema, mvua imekawia, na mkewe anamuuliza mbegu ya kurudia itatoka wapi. Bado sijui atamjibu nini.