Istilahi na Meza ya Fundi: Majina ya Sehemu za Gitaa la Umeme

Jina la Ngarenaro, mtaa mashuhuri wa Arusha, limetoka katika lugha ya Kimaasai, na maana yake ni maji meusi. Katika Kimaasai neno la pili la jina hilo huishia kwa konsonanti. Waswahili walipolipokea waliiacha konsonanti hiyo njiani, jina likaishia kwa irabu kama desturi ya lugha yetu inavyotaka. Hapakuwa na kikao wala waraka. Walilisanifu watu waliokuwa na haja nalo kila siku.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki majina yanayotumika, au yanayoweza kutumika, kwa sehemu za gitaa la umeme. Hatutamfikiria msikilizaji wa muziki, bali fundi wa mtaa kama huo wa Ngarenaro, ambaye ameamua kuliunda gitaa lake nyumbani kwa mikono yake. Dai letu ni moja: istilahi ya ufundi isipopimwa kwa kazi inayofanywa nayo, yaweza kuwa safi kitabuni na bado ikampotosha mtu mezani.

Kwa upande wa upigaji Kiswahili hakina umaskini. Watu hucharaza gitaa na kuungurumisha besi. Wapo wapiga solo na wapiga ridhimu, na kila mpenzi wa dansi anaelewa. Arusha yenyewe ina sehemu katika historia hiyo. Wilson na George Kinyonga, waliotoka Jamhuri Jazz ya Tanga, walianzisha Arusha Jazz mjini hapo mwaka 1970, kabla ya kuvuka mpaka na kujulikana Kenya kwa jina la Simba Wanyika. Lakini katika bendi nyingi za zama hizo vyombo vilikuwa mali ya jumuiya au ya mwenye bendi, nazo NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ni mfano ulio wazi. Mpigaji alipohama, aghalabu gitaa lilibaki. Tunadhani jambo hilo limeacha alama hata katika lugha: tuna maneno tele ya kulipiga gitaa, na machache ya kuliunda.

Wala asiseme mtu kwamba kuunda gitaa la umeme nyumbani ni ndoto. Mwaka 1963, karibu na London, kijana Brian May na baba yake Harold walianza kuunda gitaa la namna hiyo kwa vitu vilivyokuwapo. Shingo ilichongwa kutoka katika mbao za meko kuukuu ya kuotea moto, springi zilitolewa katika vali za injini ya pikipiki, na alama za shingoni zilikatwa katika vifungo vya lulumizi. Gitaa hilo ndilo lililokuja kusindikiza sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946, katika kundi la Queen. Hata hivyo sehemu moja iliwashinda: vile vifaa vinavyogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Kijana alivizungushia waya mwenyewe, lakini havikumridhisha, akaishia kununua vilivyoundwa kiwandani. Palipo pagumu kwa mkono ndipo panapohitaji neno lililo wazi kuliko pote, nasi tutaparudia hapo.

Tuanze na mbao. Hapa mwunda istilahi hana kazi kubwa, kwa kuwa seremala amekwisha kuifanya. Msumeno, randa, patasi, tupa, kekee, msasa na gundi ni maneno yanayojitosheleza. Vivyo hivyo miti: mninga una jina lake, na mpingo, ambao magogo yake husafiri kwenda Ulaya na kurudi yakiwa klarineti, una jina linalojulikana kote nchini. Mfasiri wa kitabu cha ufundi huu ambaye ataandika “kifaa cha kulainishia ubao” mahali pa randa atakuwa ameifanyia lugha dhuluma, maana atakuwa ameeleza kitu ambacho mwanagenzi wa kwanza wa seremala anakitaja kwa neno moja.

Majina ya umbo la gitaa nayo hayana budi kufuata mwili wa binadamu, kama yalivyokwisha kuanza kufanya: shingo na kichwa. Penye ubishi ni sehemu kubwa ya chini. Baadhi ya watu huiita tumbo, na kwa gitaa la kawaida neno hilo linafaa, kwa sababu sehemu hiyo ina uwazi ndani na uwazi huo ndio unaokuza sauti. Lakini gitaa la umeme la aina iliyoenea ni gogo zima lisilo na uwazi. Fundi akiambiwa achonge tumbo, haki yake ni kulitoboa. Tunapendekeza neno kiwiliwili, ambalo tangu zamani lina maana ya mwili usiohesabiwa kichwa wala viungo. Halisemi lolote juu ya uwazi, na linakaa vizuri pamoja na shingo na kichwa. Vifaa vya kukazia nyuzi tungeviita vigingi, neno ambalo halihitaji utetezi.

Sasa tuje kwenye vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ambavyo wapigaji huviita freti. Neno hilo lina kasoro ambayo mwalimu ataiona upesi. Mwanafunzi akiambiwa aweke kidole “kwenye freti ya tatu,” hukiweka juu ya chuma chenyewe, na uzi ukatoa sauti iliyokufa. Kilichotakiwa ni kidole kukaa katika nafasi iliyo nyuma ya chuma. Vitu ni viwili, na jina ni moja. Kiswahili kina njia ya kuvitenga. Chuma kinachouzuia uzi chaweza kuitwa kizingiti, na nafasi iliyo kati ya kizingiti na kizingiti tungeiita pingili, kama pingili za muwa.

Ulinganisho huu si wa kupendeza sikio tu. Pingili za gitaa hazilingani. Hupungua urefu kwa kanuni kadiri mtu anavyoshuka kuelekea kwenye kiwiliwili. Fundi huchukua urefu wa uzi uliobaki na kuugawa kwa 17.817, na jibu ndilo urefu wa pingili inayofuata. Uzi ukiwa na urefu wa milimita 650, pingili ya kwanza itakuwa na milimita 36.5 hivi, na kizingiti cha 12 kitaangukia milimita 325, yaani katikati kabisa. Mwalimu akisema “pingili ya tatu,” hapana atakayeweka kidole juu ya chuma. Na fundi akiambiwa “pima kizingiti,” hatapima nafasi.

Tumefika kwenye kile kifaa cha umeme. Majina matatu husikika. La kwanza ni pikapu. Kosa la neno hili si ugeni wake, kwa maana lugha yetu imepokea maneno mengi ya nje na kunenepa kwayo. Kosa ni kwamba mahali pake pamekwisha kukaliwa: pikapu ni gari la mizigo midogo. Isitoshe, halimwambii mwanagenzi lolote juu ya kazi ya kifaa.

La pili ni kipaza sauti. Neno hili limebebeshwa mzigo mzito tayari, kwa kuwa watu hulitumia kwa kifaa anachosemea mhutubiaji na pia kwa kile kinachotoa sauti upande wa pili. Kulibebesha mzigo wa tatu ni kulivunja mgongo. Lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba linasema uongo. Kifaa hiki hakisikii sauti. Kina sumaku, na kuizunguka sumaku pana koili, yaani waya wa shaba mwembamba kama unywele uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku hubadilika, na mabadiliko hayo huzalisha umeme katika koili, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Fundi anayeamini kuwa ameunda kipaza sauti ataweza kufunga nyuzi za nailoni, kisha akeshe akitafuta waya uliokatika na lehemu iliyoachia, na kumbe kila kiungo ni kizima. Angalitumia nyuzi za waya wa breki ya baiskeli gitaa lingelia. Neno ndilo lililomkesha.

La tatu ni sumaku. Hili angalau halidanganyi, lakini linataja nusu ya kitu. Sumaku peke yake chini ya uzi haitoi umeme wowote utakaofika kwenye spika; koili ndiyo kazi yenyewe.

Pendekezo letu ni kinasa mtetemo. Ruwaza yake inajulikana, kwani tunacho kinasa sauti. Linasema ukweli: kinachonaswa ni mtetemo wa uzi. Tena linaacha nafasi ya aina nyingine, kwa kuwa vipo vinasa vinavyotumia fuwele badala ya sumaku, navyo hukubali nyuzi za nailoni. Basi mtu atasema kinasa mtetemo cha sumaku au cha fuwele, na tofauti ya nyuzi itaeleweka kutokana na jina.

Tunajua hoja itakayotolewa, kwamba neno hili ni refu na kwamba wapigaji wameizoea pikapu. Urefu si hoja, maana mezani fundi atasema “kinasa” na ataeleweka. Mazoea ni hoja yenye nguvu zaidi, nasi hatudai kumkataza mpigaji neno lake. Tunachodai ni kwamba kitabu cha mafunzo kimpe mwanafunzi neno linalomwongoza. Jambo hili si dogo wakati huu ambapo mkondo wa amali umeingia katika shule za sekondari tangu mwaka 2024, na walimu wanahitaji matini ya ufundi katika lugha wanayoielewa wanafunzi.

Kanuni inayofundishwa katika uundaji wa istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Kanuni ni njema. Ufinyu umo katika kuisoma. Mara nyingi “Kiswahili chenyewe” kimechukuliwa kuwa kamusi na lahaja za pwani, na karakana ikasahauliwa. Tungependa kila orodha ya istilahi za ufundi, kabla ya kupitishwa, isomwe mbele ya fundi mwenye patasi mkononi, na kila neno aulizwe swali moja: ukiambiwa hivi, utafanya nini? Akifanya kisichokusudiwa, neno hilo lirudishwe.